Begi lako, mwili wako na simu yako mpakani: afisa anaruhusiwa kupekua nini?

Mama mmoja wa hapa Nangwa, anayeuza vitunguu saumu na maharage, alitupigia simu baada ya kipindi chetu cha jioni. Alikuwa ametoka safari ya nchi jirani. Mpakani begi lake lilimwagwa lote juu ya meza, hata nguo za ndani, huku abiria wa basi zima wakipita na kutazama. Hilo alilimeza. Kilichomkaa rohoni ni kilichofuata: afisa aliomba simu yake, akamtaka aifungue, akaanza kusoma. Miamala ya pesa, mazungumzo na binti yake, picha za msiba wa mkwe wake. Anasema alitoa simu kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi na aliogopa kuachwa.

Swali lake kwetu lilikuwa fupi. Yule afisa alikuwa na haki ya kufanya vile?

Tuliahidi kulitafutia jibu, na jibu lenyewe lina sehemu tatu. Kwenye begi, ndiyo, ana mamlaka makubwa. Kwenye mwili wako anayo, lakini kwa masharti ambayo wasafiri wengi hawajawahi kuambiwa. Kwenye simu, mambo si rahisi hata kidogo, na ndiko tutakakokaa muda mrefu zaidi.

Nani hasa anasimama nyuma ya meza?

Wengi wetu tukitoka huku tunapita Babati, Makuyuni, Arusha na Longido mpaka Namanga. Kituo kile kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na Marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta kuwa kituo cha pamoja. Maana yake, ukielekea Kenya hushuki kwenye basi mara mbili. Unapitiliza upande wa Tanzania na kushuka kwenye jengo lililo upande wa Kenya. Humo ndani unamkuta afisa uhamiaji wa Tanzania anayekugongea muhuri wa kutoka, na hatua chache mbele dirisha la Kenya la kukuingiza. Ukirudi, mambo ni hayo hayo kwa jengo la upande wetu.

Kwa hiyo usishangae kumkuta afisa wa Kenya akifanya kazi yake ndani ya ardhi ya Tanzania. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya vituo vya pamoja, ya mwaka 2016, inaruhusu hivyo ndani ya eneo la kituo.

Lakini jambo la kushika ni hili: watu wa pale mezani si wa idara moja. Forodha, ambao kwetu ni TRA, wanatafuta bidhaa na kodi. Uhamiaji wanaangalia wewe ni nani na hati yako ni halali. Afya wanaangalia magonjwa. Wa mimea na wa mifugo wanatafuta mbegu, matunda, nyama, vifaranga. Polisi wanatafuta makosa ya jinai. Kila mmoja ana sheria yake, na mamlaka ya mmoja si ya mwenzake. Ndiyo maana swali la kwanza la msafiri, likiulizwa kwa adabu, ni la kawaida kabisa: "Samahani afande, wewe ni wa idara gani?" Si ujeuri kuuliza hivyo.

Begi

Sheria ya forodha tunayotumia ni moja kwa nchi zote za Jumuiya. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Inamruhusu afisa kukuuliza umebeba nini, kukutaka ufungue, na kukagua mzigo wenyewe. Hahitaji hati ya mahakama kwa hilo. Nchi karibu zote duniani ziko hivyo, kwa sababu mpakani ndipo pekee serikali inapoweza kujua kinachoingia kabla hakijapotelea mitaani.

Mzigo wa kawaida wa msafiri, yaani nguo zako, viatu, simu yako, blanketi lako, hautozwi ushuru. Ushuru unaanza pale mzigo unapoonekana ni wa biashara. Na hapa kuna nafuu ambayo wafanyabiashara wadogo wengi wa huku hawaitumii: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, zinapita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Maharage ya Hanang ni maharage ya Hanang. Huna haja ya kupita njia ya panya usiku na magunia mawili kwa kumwogopa mtu ambaye angekupa karatasi. Vibali vya afya ya mimea na tozo nyingine vinaweza kuhitajika, hivyo uliza kabla hujapakia.

Fedha taslimu nazo watu wanazielewa vibaya. Si kosa kubeba pesa. Ukiwa na dola 10,000 au zaidi, au kiasi kama hicho kwa fedha nyingine, unatakiwa kuitamka kwenye fomu. Chini ya hapo, afisa akikuambia pesa yako ni nyingi mno kwa mtu wa kijijini, hiyo si sheria.

Yapo na mambo mawili yanayowakamatisha watu bila wao kujua. La kwanza ni mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, sisi tarehe 1 Juni 2019. La pili ni zito zaidi. Mirungi Kenya ni zao halali linalouzwa sokoni, lakini ukivuka nayo kuja huku ni dawa ya kulevya, na unaweza kufungwa. Kila mwaka wapo wanaokubali "nishikie tu huu mfuko hadi Arusha" kutoka kwa mtu waliyekutana naye kwenye kiti cha basi. Mfuko ukifunguliwa mezani uko mikononi mwako. Kueleza kwamba si wako utaelezea baadaye, ukiwa umeshawekwa ndani.

Mwili

Hapa sheria inabadilika. Afisa wa forodha hawezi kukupekua mwilini kwa sababu tu umepita mbele yake. Sheria ile ya 2004 inamtaka awe na sababu za msingi za kuamini kwamba umeficha bidhaa ambayo haijalipiwa ushuru au inayohusiana na kosa. Hisia haitoshi, wala sura yako au shuka uliyojifunga.

Mwanamke hapekuliwi na mwanaume. Anapekuliwa na mwanamke. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema hivyo hivyo kwa polisi, na inataka kufanyike kwa staha. Kama pale mpakani hayupo afisa wa kike kwa wakati huo, anasubiriwa. Kukawia kwa basi hakumpi mwanaume ruhusa.

Na kuna haki moja ambayo katika watu wote tuliozungumza nao hapa kijijini hakuna aliyewahi kuisikia. Afisa wa forodha akikuambia anataka kukupekua mwilini, unaweza kudai upelekwe kwanza, bila kucheleweshwa, mbele ya hakimu, Kamishna, au afisa aliye juu yake. Huyo mkubwa anasikiliza. Akiona hakuna sababu ya msingi, anaweza kuamuru usipekuliwe. Kwa kawaida anayepatikana pale ni msimamizi wa zamu. Hata hivyo lile neno moja, "naomba nipelekwe kwa mkubwa wako," linabadilisha hali, kwa sababu sasa wanaojua ni watu watatu, si wawili.

Tusidanganyane: kudai haki hii kunahitaji moyo. Mtu aliyechoka, aliyebeba mtoto, ambaye basi linamwacha, hatakuwa na hamu ya kutafuta msimamizi. Wanaotumia vibaya madaraka wanalijua hilo vizuri.

Simu

Sheria ya forodha iliandikwa mwaka 2004, wakati simu ya wengi ilikuwa ya kupiga na kupokea. Kwa sheria ile simu ni kitu, kama redio au tochi: afisa anaweza kuuliza ni mpya au ya zamani, umeinunua wapi, umebeba ngapi. Ukiwa na simu kumi mpya kwenye begi, hapo una mzigo wa biashara.

Lakini leo simu ya mama wa Nangwa ni benki yake, daftari lake la madeni, albamu ya familia, kadi ya kliniki, kikundi cha VICOBA na barua zake zote kwa pamoja. Kuifungua ni sawa na kuingia nyumbani kwake, na nyumba ina ulinzi wa Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara hiyo hiyo inasema serikali ikitaka kuingilia, lazima iwepo sheria inayoweka utaratibu: wakati gani, kwa namna gani, na kwa kiasi gani. Kwa maana hiyo, afisa anayetaka kusoma ujumbe wako anapaswa kuweza kutaja sheria anayoitumia.

Ziko sheria mbili anazoweza kuzitaja. Ya kwanza ni ile ile ya forodha, inayomruhusu kudai nyaraka zinazohusu bidhaa ulizoingiza. Kama stakabadhi ya vitenge vyako iko kwenye simu, au malipo uliyafanya kwa simu, anaweza kukutaka umwonyeshe. Hilo ni halali. Tofauti iko hapa: kumwonyesha ujumbe wa malipo ya vitenge, wewe mwenyewe ukiwa umeshika simu, si sawa na kumkabidhi simu iliyofunguliwa apekue anavyotaka. Mama yule angeweza kufanya la kwanza na kuishia hapo.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hii ina nguvu zaidi, na imelalamikiwa na watetezi wengi wa haki tangu ilipopita. Chini yake mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa vyombo vya dola wa cheo kinacholingana, akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kifaa kina ushahidi wa kosa, anaweza kutoa amri kifaa kipekuliwe au kikamatwe. Angalia vizuri: hakimu hahitajiki. Kwa maoni yetu huo ni upungufu, kwa sababu anayetaka kupekua na anayetoa ruhusa wanatoka nyumba moja. Pamoja na hayo, sheria inadai amri ya mtu wa cheo hicho na sababu. Afisa yeyote aliyesimama mezani hawezi kujiamulia tu.

Baadaye ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na inayojulikana, zisichukuliwe zaidi ya zinazohitajika. Ina milango iliyoachwa wazi kwa masuala ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, kwa hiyo haizuii kila kitu. Lakini afisa anayepiga picha mazungumzo yako na kuyatuma kwa rafiki yake hana mlango wowote wa kupitia.

Basi mtu afanye nini akiombwa simu? Tumewauliza wasaidizi wa kisheria wa huku, na ushauri wao ni wa kiutendaji. Uliza kwa sauti ya kawaida anatafuta nini, na kwa sheria gani. Kama ni malipo ya bidhaa, onyesha malipo. Kama anataka zaidi, omba msimamizi. Akishikilia, usinyang'anyane naye, na usianze kufuta vitu mbele yake, maana hapo unajitengenezea kosa jipya la kuzuia kazi au kuharibu ushahidi. Mwambie wazi hukubali ila hutamzuia, shika jina lake au namba yake ya kazi, saa na tarehe. Kukubali kwa woga na kukataa kwa maneno si kitu kimoja mambo yakifika mbele ya mahakama.

Wazee wanakumbuka

Kuna sababu wazee wetu wakisikia neno "upekuzi" wanashusha sauti. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka hiyo sabuni, mafuta ya kula na nguo viliadimika, na kilichopatikana kilivuka kwa magendo. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nyumba zilipekuliwa, watu walikamatwa kwa kukutwa na bidhaa, na sheria iliyotungwa haraka mwaka huo iliwapeleka mbele ya baraza maalumu ambako wakili hakuruhusiwa wala dhamana. Wapo walioficha marobota ya vitambaa halali walivyovinunua kwa jasho lao, na wapo waliovitupa mtoni usiku, kwa kuogopa tu kuulizwa.

Mwaka uliofuata, 1984, sheria ile ilibadilishwa. Na mwaka huo huo wa 1984 ndipo haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba yetu, ikiwemo hiyo Ibara ya 16. Kabla ya hapo mama wa vitunguu saumu asingekuwa na ibara ya kutaja.

Wakichukua mali yako

Mali ikikamatwa, dai karatasi. Kwa polisi, sheria inataka stakabadhi au hati ya ukamataji inayoorodhesha vitu, ikiwa na saini ya mwenye mali na ya mashahidi kama wapo. Mahakama ya Rufani imejadili karatasi hii katika kesi nyingi sana, na washtakiwa wengine wameachiwa kwa sababu ushahidi wa ukamataji ulikuwa na mashaka. Kwa forodha, kama mali imekamatwa ukiwa hupo, wanatakiwa wakupe taarifa ya maandishi yenye sababu ndani ya mwezi mmoja. Na wewe una mwezi mmoja wa kuidai. Ukinyamaza, inahesabika umeiachia serikali. Hukubaliani na uamuzi wa Kamishna? Una siku 30 za kuandika kuomba uangaliwe upya.

Mwezi ni mfupi kwa mtu anayesubiri mbaazi zikomae ndipo apate nauli. Usiuache upite.

Kwa mifugo muda unaweza kuwa mfupi zaidi. Mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya kutafuta malisho walipigwa mnada na serikali yetu. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga bila kibali viliteketezwa kwa moto, sababu iliyotolewa ikiwa ni hofu ya mafua ya ndege. Sheria za magonjwa ya mifugo zinaruhusu hatua za haraka, na mfugaji yeyote wa Hanang aliyewahi kupoteza zizi zima kwa ugonjwa anaelewa kwa nini. Lakini ng'ombe aliyeuzwa harudi kwa rufaa. Kwa mifugo, kibali kinatafutwa kabla ya safari, si baada.

Jirani naye ana haki

Si lazima uwe raia wa nchi unayoingia ndipo uwe na haki. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alishuka uwanja wa ndege wa Entebbe, akazuiwa na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, ile iliyoko Arusha. Mei 2013 mahakama ilimpa ushindi: Uganda ilikuwa imevunja Mkataba wa Jumuiya, kwa sababu nchi mwanachama haiwezi kumfukuza raia wa nchi mwanachama mwenzake kimyakimya bila kumpa sababu. Mlango wa mahakama hiyo uko wazi kwa mkazi yeyote wa Jumuiya, ila una kufuli la muda: miezi miwili tangu jambo litokee au ulipolijua.

Vizuizi vya barabarani si mpaka

Wengine wametuuliza kuhusu mageti ya hapa hapa ndani. Kizuizi cha halmashauri kati ya hapa na Arusha si forodha. Tangu mwaka 2017 mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao. Magunia yako matano ya mahindi unayompelekea mwanao Arusha yapite. Polisi wa barabarani wanaweza kusimamisha gari na kulipekua wakiwa na sababu ya kushuku kosa, lakini huwezi kutozwa pesa isiyo na risiti wala namba ya malipo ya serikali.

Pa kupeleka malalamiko

Ukiombwa rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Ukidhalilishwa, andikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo haitozi ada wala haidai wakili. Kama tatizo ni taarifa zako kutoka kwenye simu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Na kabla ya yote hayo, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo kwenye halmashauri, na hawatozi. Afisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kata atakuelekeza walipo.

Tulimpigia tena yule mama kumsomea haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama lile la kuomba mkubwa linatumika hata ukiwa huna Kiingereza. Linatumika, Kiswahili ni lugha ya kazi upande wetu, na upande wa Kenya ni lugha rasmi kikatiba. Kisha akatuambia jambo ambalo mwanzoni hakulisema: binti yake, baada ya kusikia kwamba ujumbe wake ulisomwa na mtu asiyemjua, hajamwandikia tena kuhusu ujauzito wake. Wanasubiri waonane ana kwa ana, mwezi ujao, siku ya mnada.